Namugongo haikuanza tarehe 3 Juni

Mhariri,

Kila mwaka Mei inapoelekea ukingoni, magazeti yetu huchapisha picha za mahujaji wanaovuka Mutukula, Busia na Malaba wakielekea Namugongo, Uganda, wengine kwa mabasi, wengine kwa miguu, rozari shingoni na godoro la sponji mgongoni. Tarehe 3 Juni inafika, mahubiri yanatolewa, na karibu yote yanaanzia kwenye moto. Tarehe 4 habari imekwisha.

Sisi ni makatekista na wainjilisti wa Bukoba, Wakatoliki na Walutheri, na kazi yetu ni kuwafundisha wanaojiandaa kubatizwa. Tunaandika kuomba kwamba simulizi la mashahidi wa Uganda, Wakristo 45 waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Mwanga, Kabaka wa Buganda, lisianzie tena kwenye moto. Moto ule ulikuwa wa saa chache. Kilichowafikisha pale wakiwa bado wanasali kilijengwa kwa miaka, kikapimwa kwa siku saba za kusubiri kifungoni ambazo karibu hakuna anayezihubiri. Mkristo anayedhulumiwa leo, awe Ituri huko Kongo, awe kijijini kwake ambako ukoo umemtenga, hayuko kwenye moto. Yuko kwenye zile siku saba. Anasubiri, na anahitaji kujua wenzake walisubiri vipi.

Tutaje kwanza miaka. Wamisionari wa Kianglikana waliingia ikulu ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwishoni mwa Juni 1877. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Februari 1879 pamoja na Bradha Amans, wakivuka ziwa kutoka upande wetu wa kusini. Kabla yao wote Maandiko yalikuwa yamekwisha kusomwa pale kwa Kiswahili: mwaka 1875 msafiri Stanley alimwachia Mutesa kijana mmoja, Dallington Muftaa, aliyesomeshwa katika shule ya misheni Zanzibar, awe msomaji wake. Waganda walimwita mfuasi wa dini mpya "omusomi", yaani msomaji. Neno hilo lina uzito. Kuingia katika imani kulikuwa kukaa chini na kujifunza, na waliojifunza kusoma walikwenda wakawasomea wengine usiku.

Kwa Wakatoliki, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Padre Lourdel, aliweka sharti kwamba mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, miwili ya kwanza akiwa anapimwa tu na miwili inayofuata akiwa mkatekumeni. Wako waliobatizwa mapema kwa sababu ya hatari, lakini kanuni ilikuwa hiyo. Leo tunaletewa mtu wiki sita kabla ya harusi na kuambiwa "mmalizieni", kwa kuwa anahitaji cheti. Tunamfundisha kujibu maswali, anajibu, anabatizwa. Siku mjomba wake atakapomwambia achague kati ya shamba na kanisa, majibu yale hayatamsaidia. Hakuna anayeweza kujengwa kwa wiki sita, na tusishangae akirudi nyuma.

Halafu likaja jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha habari yote. Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakahamia kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza. Walirudi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja: hapakuwa na Misa wala kitubio. Kwa hesabu ya kawaida lilikuwa kanisa la kufa. Waliporudi walilikuta limekua.

Nani alilishika? Ikulu alikuwapo Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa nyumba ya Kabaka, aliyewakusanya vijana watumishi na kuwafundisha. Mjini alikuwapo Andrea Kaggwa, Mnyoro aliyetekwa utotoni akapanda hadi kuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Huyu alifundisha nyumbani kwake, akawahudumia wagonjwa wakati wa tauni. Mityana, kiasi cha kilomita 70 magharibi ya Kampala ya leo, walikuwapo watu watatu: Matia Kalemba Mulumba, chifu mdogo; Luka Banabakintu; na Nowa Mawaggali, mfinyanzi. Walikwenda mjini kuchukua mafundisho na kurudi kuyapeleka kwa wenzao. Mtu aliyetembea kilomita 70 kufuata fundisho halisahau njiani.

Waanglikana nao walijipanga. Mwaka 1885, baada ya damu ya kwanza kumwagika, wamisionari wao Mackay na Ashe waliweka baraza la wazee wa Kiganda ili kanisa liweze kusimama hata wageni wakifukuzwa. Sala za pamoja zikahamia katika nyumba za wazee hao. Hii ilikuwa busara ya kweli. Askari akivamia jengo la misheni, amelivamia kanisa zima. Nyumba kumi na mbili zilizotawanyika hawezi kuzivamia usiku mmoja.

Msomaji wa Tanzania ataona hapa kitu anachokifahamu, nacho ni jumuiya ndogondogo. Tunazo, zina mwenyekiti, katibu na mhazini, zinakutana kila wiki. Tatizo ni kwamba nyingi zimegeuka kuwa vituo vya kukusanyia michango. Jaribu kipimo hiki: padre akiugua miezi mitatu, je, jumuiya yako itaendelea kusali, kufundisha watoto na kuzika wafu wake? Mwenyekiti akihama, yuko wa pili anayejua nyumba zote, wagonjwa wote, na nani hajabatizwa? Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe aliuawa Nakivubo. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alibatizwa na kushika nafasi yake ya kuwaongoza vijana wa ikulu. Pengo halikukaa hata usiku mmoja, kwa sababu mrithi alikuwa ameandaliwa wakati kiongozi bado yu hai. Kwetu sisi uchaguzi wa naibu katibu hufanywa ili fomu ijazwe.

Kwa nini waliuawa? Mahubiri mengi yanajibu kwa sentensi moja, kwamba Mwanga alikuwa mkatili. Jibu hilo halitoshi, na kijana anayefikiri atalikataa. Mwanga alirithi kiti Oktoba 1884 akiwa kijana wa miaka kama 16. Mapema mwaka 1885 Wajerumani walitangaza himaya yao katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, na habari zikafika Buganda kwamba Wazungu wanakula nchi. Askofu James Hannington wa Kianglikana alipoingia kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, njia ambayo Waganda waliiogopa kuliko zote, aliuawa kwa amri ya Kabaka tarehe 29 Oktoba 1885. Balikuddembe alithubutu kumwambia Mwanga kwamba amekosea kumuua mgeni bila kumsikiliza. Ongeza hapo chuki za wakubwa wa ikulu waliowaona wasomaji kama washindani wa vyeo, na vijana waliobatizwa kukataa kumtimizia Kabaka tamaa za mwili. Mateso hayaji na sababu moja safi. Yeye anayesubiri kudhulumiwa "kwa ajili ya imani tu" hatayatambua yakifika, kwa maana yatakuja yamevaa nguo za siasa, za urithi, za wivu wa kazini.

Sasa siku zenyewe. Ziko kumi, Mei 25 hadi Juni 3, na zinapangika kana kwamba zilikusudiwa kufundishia. Tunashauri jumuiya zikutane kila jioni ya siku hizo.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Munyonyo, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa naye, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Padre hakuwapo. Hapa ndipo mwalimu asimame na kufundisha ubatizo wa dharura, maana Wakristo wengi hawaujui hadi mtoto anafia mikononi mwa mkunga. Mtu yeyote anaweza kuutoa, mwanamume au mwanamke, akiwa na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Chukua maji safi ya kawaida. Mimina juu ya kichwa mara tatu huku ukitaja jina na kusema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Yanayoharibika ni haya: mmoja anamimina na mwingine anasema maneno, maji yanagusa nywele tu au kitambaa, hayatiririki kichwani, maneno yanabadilishwa ili yapendeze. La nne ni kutoandikisha. Anayepona apelekwe parokiani au usharikani na shahidi mmoja, jina liingizwe kwenye daftari. Habatizwi tena, yaliyobaki ya ibada atakamilishiwa huko.

Tarehe 26 Mwanga aliwapanga vijana akawaambia wanaosali wasimame upande wa uzio wa matete. Lwanga akatangulia, akimshika Kizito mkono. Siku hiyo waliuawa Dionisi Ssebuggwawo, Ponsiano Ngondwe na Andrea Kaggwa. Kaggwa ndiye yule aliyekuwa akiwafundisha dini watoto wa Katikiro (waziri mkuu) mwenyewe, na Katikiro hakumsamehe. Tarehe 27 waliuawa Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza, wote wakiwa njiani kupelekwa Namugongo. Waliobaki wakafika, wakafungwa katika vibanda.

Hapo ndipo mahubiri huruka hadi tarehe 3 Juni. Lakini kwa siku saba hawakuguswa. Kuni zilikuwa zinakusanywa, wauaji wanakunywa na kupiga ngoma, amri ya mwisho inangojwa. Miongoni mwa waliofungwa alikuwapo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji. Ndugu zake walimjia mara kwa mara wamsihi aseme neno moja tu la kukana, aende nyumbani. Hayo ndiyo mateso kama watu wengi wanavyoyajua: unabembelezwa na mama, unaonyeshwa mlango ulio wazi, na hakuna anayekupiga wakati huo.

Walisali asubuhi na jioni, kabla na baada ya chakula, kwa sauti, kila kundi lilipofungwa. Tunajua hili kwa sababu vijana watatu waliachiliwa dakika za mwisho, Dionisi Kamyuka, Simeoni Sebutta na Karoli Werabe, na ushahidi wao ukaandikwa. Hawakuwa na vitabu pale. Walichokuwa nacho ni kile kilichokwisha kuingia kichwani.

Kwa hiyo tarehe 28 na 29 Mei tunashauri jumuiya zifanye zoezi moja tu: kusali bila kitabu na bila simu. Mara nyingi litafeli, na kufeli huko ni fundisho. Kuna ujanja ambao kila mwalimu anaufahamu: kundi likisali pamoja, asiyejua anafuata midomo ya jirani. Dawa yake ni kila mtu aseme mstari mmoja kwa zamu, kuzunguka duara. Kwenye Baba Yetu duara litapita salama. Kwenye Kanuni ya Imani litakwama, na utaona palipokwama. Andika jina la sala, usiandike jina la mtu. Kisha jifunzeni mstari mmoja kila mkutano: kiongozi anasema, wote wanarudia mara tatu, watoto wakiwa wamekaa kati ya wazee, si peke yao nyuma. Tungependa kila nyumba iwe na hazina hii kichwani: Baba Yetu, Kanuni ya Imani, sala ya kutubu, Zaburi ya 23, Heri Nane za Mathayo 5, sala ya kumwombea anayekufa, na kwa Wakatoliki Salamu Maria na mafumbo ya rozari. Kwa mkutano mmoja kwa wiki, hesabu miezi minane hadi kumi. Ukiharakisha, Kanuni ya Imani itapotea ndani ya mwezi.

Tarehe 30 Mei alikufa Matia Mulumba. Walimkata mikono na miguu pale ambapo leo ni Old Kampala, wakamwacha, akachukua siku tatu kufa. Watoto wasimuliwe hayo kwa sentensi moja na si zaidi. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu tumeona michezo ya kuigiza ambapo damu ya rangi na mafuta ya taa vimechukua nafasi ya mafundisho. Kuwasha moto halisi jukwaani karibu na watoto waliofungwa mikeka ni hatari tupu, na paroko asiruhusu. Mikeka ya matete ilikuwapo kweli, walifungwa ndani yake. Inatosha kuionyesha imekunjwa.

Tarehe 31 aliuawa Nowa Mawaggali huko Mityana. Dada yake, Munaku, alijitokeza mwenyewe kwa wauaji ili afe na kaka yake. Wakamchukua mateka badala ya kumuua, na baadaye Padre Lourdel akamkomboa. Wanawake hawamo katika orodha ya watakatifu 22, lakini bila kina Munaku kanisa la Mityana lingekufa na wanaume wake. Jioni hiyo zungumzeni juu ya familia zinazobaki. Mwanamume akiuawa au kufungwa, kinachohitajika wiki ya kwanza ni chakula, mtu wa kulala pale nyumbani na karo ya watoto, mahubiri yangoje. Mfuko wa jumuiya ufunguliwe na watu wawili, fedha zihesabiwe mbele ya watatu, na kinachotolewa kisitangazwe kanisani kwa jina la anayepewa.

Tarehe 1 na 2 Juni zibaki kwa ajili ya walionusurika na waliokimbia. Mada hii huogopwa, kana kwamba kukimbia ni usaliti. Someni Mathayo 10:23. Mackay na wenzake waliwahimiza Wakristo wajifiche na kutawanyika, na wengi walifanya hivyo. Matayo Kisule, fundi bunduki wa Kabaka, alibaki hai na kuwa kimbilio la wengine. Honorati Nyonyintono alikatwa viungo vya uzazi, akapona, akaja kuwa Katikiro. Apolo Kagwa alipigwa na Mwanga, akaishi, akashika ukatikiro kwa miaka zaidi ya 35. Kanisa la Uganda lilijengwa na hawa pia. Hata kwa waliokufa, hakuna aliyekwenda kukitafuta kifo. Waliulizwa swali, wakajibu kweli. Chakula walicholetewa katika zile siku saba walikula.

Tunalisema hili tukiwa na Shakahola akilini. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wengi wakiwamo, walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni kumfuata Kristo. Ile haikuwa imani iliyovumilia. Hakuna mtesi aliyewauliza swali lolote. Aliyewaangamiza ni yule waliyemwita mchungaji. Mhubiri anayewaambia watu wasile, wasitibiwe, wakate mawasiliano na ndugu, kisha akaita hayo mateso kwa ajili ya Yesu, ashtakiwe mapema. Vivyo hivyo na anayefungwa kwa wizi wa sadaka akajifananisha na Lwanga. Petro alishaonya katika waraka wake wa kwanza, 4:15, kwamba mtu asiteswe kama mwuaji wala mwizi.

Na kuna kosa lililo karibu zaidi na nyumba zetu. Mwanamke anakuja kwa katekista akiwa amevimba uso, anaambiwa avumilie kama mashahidi. Hapana. Kipigo cha mume si msalaba aliopewa na Mungu. Apelekwe kituo cha polisi, dawati la jinsia, apewe fomu ya PF3, atibiwe, na apate pa kulala usiku huo kwa mama mwingine wa jumuiya. Mjane anayekataa kurithiwa na kufukuzwa kwenye nyumba aongozwe kwa mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii siku za mwanzo kabisa, akiwa na cheti cha ndoa na cha kifo mkononi, kabla mali haijagawanywa. Kijana aliyefukuzwa kwao kwa kubatizwa asihifadhiwe na mtu mmoja peke yake. Wawe wawili au familia nzima, viongozi wajue, na mazungumzo na wazazi wake yaendelee. Tumeona mapatano mengi yakipatikana baada ya mwaka au miwili pale ambapo kanisa halikuwatukana wazazi hadharani.

Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alichomwa peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Wenzake 12 Wakatoliki walichomwa pamoja na Waanglikana, akiwamo Nuwa Walukaga, mhunzi wa Kabaka. Hesabu kamili ya mashahidi ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Walianza vijana watatu wa Kianglikana huko Busega tarehe 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, ambao taarifa za wakati ule zinasema waliimba sifa kwa Kiswahili wakipelekwa kufa. Wa mwisho, Yohana Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 27, 1887. Mhubiri wa Kikatoliki anayetaja 22 tu amekatia hadithi nusu, na wa Kianglikana anayetaja 23 tu vilevile. Wengi wao walikufa kwenye moto mmoja.

Tena Namugongo palikuwa pamekwisha kunywa damu ya Waislamu. Mwaka 1876 Mutesa aliamuru kuuawa kwa makumi ya wasomaji wa Kiislamu waliokataa kumfuata Kabaka asiyetahiriwa katika sala. Tunaomba wahubiri walitaje hili, hasa katika nchi kama yetu, kwa sababu habari ya Namugongo imetumiwa na baadhi ya watu kuchochea chuki. Tarehe 21 Desemba 2015 karibu na Mandera, Kenya, wavamizi waliposimamisha basi na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa mwezi uliofuata. Wakristo wa Kenya waliopona siku ile wanajua deni hilo.

Nalo lililofuata Buganda lisifichwe. Januari 1892, miaka isiyotimia sita tangu moto ule, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki pale Mengo, wakauana kwa ajili ya vyeo na mashamba. Walikuwa majirani wa mashahidi, wengine walisoma nao. Kwa maoni yetu hili ndilo onyo zito kuliko yote: mtu anaweza kuushinda moto na akashindwa na madaraka. Mwanga mwenyewe, kwa upande mwingine, alipopinduliwa mwaka 1888 alipata hifadhi kwa mapadre huko Bukumbi, karibu na Mwanza, kwa watu wale ambao aliwaua wanafunzi wao, na hawakumkabidhi kwa adui. Alikufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa, jina lake Danieli. Usomaji wa jioni ya mwisho uwe Mathayo 5:44, na jina la Mwanga litajwe katika maombi.

Namna ya kuendesha jioni hizi ni rahisi. Nyumba nane hadi kumi na mbili zinatosha. Zikizidi, wageni watanyamaza. Dakika 40, zisizidi: tano za kukaa na kuimba, kumi za kusimulia aliyeuawa tarehe hiyo, kumi na tano za kujifunza sala kwa duara, kumi za kuwaombea wanaoteswa sasa kwa kutaja mahali. Taja Komanda, Ituri, ambako waumini waliokuwa katika mkesha kanisani waliuawa usiku wa kuamkia Julai 27, 2025. Taja Garissa, Kenya, ambako watu 148 waliuawa chuoni Aprili 2, 2015. Msimuliaji awe tofauti kila jioni na aandae siku tatu kabla. Asiyeandaa huanza kuhubiri, na akihubiri dakika 40 zinakuwa saa mbili. Matokeo yake, jioni ya tatu kina mama wanabaki jikoni.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kuanzia Mei 25 mwakani chapisha kila siku kisanduku kifupi cha tarehe hiyo, chenye majina yaliyoandikwa sawasawa, ya Wakatoliki na ya Waanglikana. Tarehe 28 na 29 Mei utakuta hakuna jina katika orodha ya watakatifu, na mhariri wa zamu atataka kuziruka. Tafadhali asiziruke. Mistari mitatu inatosha: kwamba walikuwa wamefungwa, kwamba Matia alikuwa bado anakufa, na kwamba walisali asubuhi na jioni.

Makatekista na wainjilisti,
Bukoba, Kagera